Mwalimu Lai na Kichwa cha Kuku

Watu wa chuoni kwetu humsifu Mwalimu Lai Pihsia kwa upendo wake kwa vijana. Wanasema ana moyo wa mama, kwamba hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyebisha mlango wake akaondoka bila kuambiwa, "Unaweza kubuni kitu, na uanze leo." Makamu mkuu wa chuo aliwahi kuyasema hayo jukwaani na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na birika la chai, nikajiuma midomo nisicheke. Upendo! Mimi na Pihsia tulilala chumba kimoja bwenini tulipokuwa wanafunzi hapa hapa chuoni, na ninajua kinachomwamsha asubuhi. Ni kisasi.

Jina langu ni Hung Suchu. Ni karani wa idara ya uhandisi wa baiolojia hapa Tainan, na meza yangu imetenganishwa na ofisi ya mkuu wa idara kwa ukuta wa mbao nyembamba. Ninayoyasimulia nimeyaona, na yale ambayo sikuyaona niliyasikia kupitia ukuta huo bila hata kujisumbua kutega sikio. Mtu akitaka kunikosoa aje mezani kwangu, nipo kila siku.

Pihsia alizaliwa kule pwani, katika nyumba iliyozungukwa na mabwawa ya mwatiko. Baba yake alifuga samaki hao na kuvuna chaza, na maganda ya chaza yalimkata viganja kila wiki. Vidonda havikauki upesi kwa mtu anayeshinda ndani ya maji ya chumvi. Pihsia akiwa mdogo alikuwa akimbandika babake magamba ya mwatiko juu ya vidonda, mchezo wa mtoto tu, lakini akaona kwamba damu inakatika mapema kuliko inavyokatika kwa kitambaa. Alikuja chuo kikuu na jambo hilo kichwani. Wenzake walikuja wakitafuta cheti, na mimi nilikuja nikitafuta mchumba, nisiwadanganye.

Wakati huo Kan Chengte alikuwa mwalimu kijana aliyetoka masomoni ng'ambo, nywele amezilaza kwa mafuta, kila sentensi ameitia neno la kigeni. Maabara yake ilikuwa na sheria moja tu kwa sisi wa shahada ya kwanza: tuoshe chupa. Tukimaliza kuosha tukaushe, tukimaliza kukausha twende nyumbani. Pihsia aliosha, akakausha, kisha akabaki. Alichemsha magamba ya mwatiko, akayaloweka kwenye tindikali, akayasaga, akayatandaza, yakaharibika, akaanza upya. Chumba chetu kilinuka samaki mpaka wasichana wa vyumba vya jirani wakatununia. Mwishoni alipata kibandiko laini, chembamba, kinachong'ang'ania kidonda kibichi na kuzuia damu, na akampelekea Kan. Alirudi chumbani mbio, akarukia kitanda changu na viatu vyake.

"Suchu, amevaa miwani akakitazama! Amesema, 'Lai, hiki ni kitu. Endelea.' Amesema ni kitu!"

"Vua viatu kwanza, we mwehu."

Siku ya maonyesho ya chuo ilipofika, Pihsia alimwita baba yake. Mzee alikuja amevaa koti lake la harusi, amebeba boksi la barafu lenye mwatiko wanene aliowachagua mwenyewe, zawadi ya profesa. Tuliketi safu ya mbele. Kan alipanda jukwaani akakionyesha kile kibandiko, akakieleza kwa maneno marefu, kisha akataja waliokibuni: yeye mwenyewe, na mwanafunzi wake mmoja wa shahada ya uzamivu ambaye hata magamba ya samaki alikuwa hajawahi kuyagusa. Nilimtazama Pihsia. Uso wake ulikuwa mweupe. Baba yake hakuelewa neno hata moja katika yale maneno marefu, lakini alijua binti yake anafanya kazi kwa profesa huyu, kwa hiyo alipiga makofi kuliko watu wote.

Baadaye mzee alimwendea Kan, akainama, akampa boksi kwa mikono miwili.

"Asante sana, mzee," Kan akasema, akatabasamu vizuri kabisa. "Binti yako mchapakazi. Anaosha chupa vizuri sana."

Mzee aliinama tena, chini zaidi, kwa furaha. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nimeona watu wakitukanwa kwa maneno machafu sokoni, lakini sijaona tusi kama lile mpaka leo.

Kesho yake Pihsia alikwenda ofisini kwa Kan, nami nikangoja mlangoni. Alisema kwa sauti iliyotulia kwamba kibandiko ni chake. Kan hakukasirika, alicheka.

"Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaosha chupa, Lai. Chupa ikitoa dawa, dawa ni ya mwenye maabara. Utaelewa ukikua."

Pihsia hakumwambia baba yake kitu. Kibandiko kikapata hataza, hati ya ubunifu kwa jina la Kan, kikapelekwa kiwandani, kikaanza kuuzwa kwenye maduka ya dawa, na Kan akawa profesa kamili kabla ya rika lake. Mzee alikuwa akikinunua. Akijikata kwa chaza alikibandika, akawaambia jirani zake kwamba profesa wa binti yake ndiye aliyekitengeneza, mtu mwema sana yule. Alikufa akimsifu. Ukitaka kujua ni lini hasa moyo wa Pihsia ulifunga mlango, ni pale msibani, jirani mmoja alipouliza kwa nini Profesa Kan hakutuma shada la maua.

Pihsia alisoma Taipei mpaka shahada ya uzamivu, na huko walimtaka abaki. Akarudi kwetu kuwa mwalimu wa mkataba, mkataba unaosainiwa upya kila mwaka na mkuu wa idara, na mkuu wa idara alikwishakuwa Kan Chengte. Nilimwona mwehu kweli.

"Kwa nini urudi kwa huyu mtu? Si bora ukae mbali usimwone?"

"Nataka anione," alisema.

Akaomba apewe chumba cha kuoshea chupa, kile kilicho chini ya ngazi. Kan alimpa, nadhani aliona ni kichekesho. Pihsia akaweka meza, taa, hadubini kuukuu alizoziokota idara nyingine zilipozitupa, akaandika mlangoni kwamba chumba ni cha wanafunzi wa shahada ya kwanza peke yao. Chupa aliziosha mwenyewe. Mwanafunzi akithubutu kushika brashi anafukuzwa sinkini. Nimemwona mtu mwenye shahada ya uzamivu akiosha chupa huku vijana wa mwaka wa kwanza wamekaa juu ya viti wakibishana, na akiwasikiliza kwa uso wa mtu anayenoa kisu.

Alikuwa anawawinda. Namaanisha neno hilo. Alisimama nje ya ukumbi wa mihadhara, akimwona mtoto ametoka peke yake anajikokota ukutani, anamkamata.

"Wewe unatoka wapi?"

"Chiayi, Mwalimu. Wazazi wanalima mananasi."

"Nanasi linawasha ulimi, siyo?"

"Linawasha, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Miaka yote hiyo unakula nanasi hujui? Twende. Kitu kinachokula ulimi wako kinaweza kula nyama iliyokufa kwenye kidonda. Ukikijua vizuri una dawa mkononi. Umeshakula? Hujala? Suchu ana maandazi."

Ndiyo, maandazi ni yangu, sikuulizwa. Mtoto huyo wa mananasi anaitwa Tung Polin. Alikaa kwenye kile chumba mpaka alipohitimu, na sasa ni mwalimu msaidizi wetu. Walikuja wengi baada yake. Mmoja alitengeneza soli ya kiatu kwa wagonjwa wa kisukari wasiosikia miguu yao, mwingine alitumia maganda ya kamba wa baharini kusafisha maji ya mashine ya figo. Kila mmoja alipofanikiwa, Pihsia alivaa viatu vyake vyenye kisigino na kupita polepole mbele ya mlango wa Kan, ko, ko, ko, akienda kisha akirudi. Mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio ili nisicheke kwa nguvu.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya Jumatano. Kila Jumatano mchana, watu wakiwa wameketi korido na chakula chao cha boksi, mwanafunzi wake husimama na kusema kwa sauti ni nini anachokitengeneza na amefika wapi. Wanasikia walimu, wafagiaji, wanaopita kwenda msalani, na mimi. "Sauti!" Pihsia alikuwa akiwapigia kelele. "Mwizi anachukia mashahidi. Sema mpaka wasikie ghorofa ya tatu!" Ghorofa ya tatu ni maabara ya Kan.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Ke Minhsuan. Alikuwa mwaka wa pili, msichana wa sauti ndogo, mwenye kawaida ya kuomba radhi kabla ya kuzungumza. Alilelewa na bibi yake, ambaye sote tulimwita Ama, naye alikuwa amepigwa na kiharusi. Koo la Ama lilipoteza nguvu, akawa anapaliwa kila mlo. Shangazi anayemlisha alikuwa na haraka, kijiko kinafuata kijiko, na siku moja bibi kizee akawa wa bluu mezani. Minhsuan alitaka mkanda mwepesi wa shingoni unaosikiliza koo: tonge likishuka salama, kibangili cha anayelisha kinatikisika mara moja, aendelee; likipita njia mbaya, kinatikisika mfululizo, asimame. Tulichekea maboksi yetu Jumatano zile, maana kwa miezi mingi mkanda ulipiga kelele kila Ama alipomtukana mtangazaji wa habari kwenye televisheni. Minhsuan alirekebisha, akarudi, akarekebisha tena. Ilipofika vuli mkanda ulikuwa unajua kutofautisha tonge na tusi, na Ama alikuwa amenenepa.

Hospitali ya mjini ilisikia. Mganga mkuu wake, Daktari Yen, mwanamke mkali asiyependa maneno mengi, alisema angependa kuujaribu kwa wagonjwa wake wote wa kiharusi, na akakubali kuja kwenye karamu yetu ya kufunga mwaka ili auone ukifanya kazi mezani. Habari hizo zikapanda mpaka ghorofa ya tatu. Siku iliyofuata Profesa Kan aliteremka kwenye chumba cha chini ya ngazi, ambako mguu wake haukuwa umekanyaga kwa miaka, mkononi ana boksi la keki za nanasi.

"Binti," alimwambia Minhsuan, "kitu chako kizuri sana. Ila dunia haiwafungulii mlango watoto. Njoo maabara kwangu, shahada ya uzamili bila mtihani, posho nakupa mimi. Jina langu litatangulia kidogo tu, ili mlango ufunguke. Lako litafuata."

Minhsuan akainama, akaomba radhi, akasema atafikiria. Kan alipoondoka, Pihsia alifunga mlango, akatugeukia. Sijawahi kumwona amependeza vile.

"Mwambie ndiyo," alisema.

"Mwalimu?"

"Mwambie ndiyo! Mwache auchukue. Mwache asimame karamuni mbele ya Daktari Yen aseme ni wake, aseme vizuri, watu wote wasikie. Halafu tunasimama sisi. Polin, Suchu, wafagiaji, kila aliyekula boksi lake pale korido Jumatano. Tunasimama mmoja mmoja tunasema. Hataweza hata kununua mboga mji huu."

Mimi nilipiga meza kwa furaha. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama yeye, na bado naona ulikuwa mpango mzuri.

Minhsuan aliushika ule mkanda, akawa anaufungua na kuufunga.

"Samahani, Mwalimu. Kwa hiyo mimi ni chambo?"

Pihsia akavuta kiti, akaketi.

"Nikimwambia ndiyo, hata kwa siku moja, nimeshasema kwamba si wangu. Ama amewaambia mtaa mzima kuwa ni wangu. Na nyie mkisimama pale mkamvua nguo Profesa Kan, watu watazungumza habari zenu, Mwalimu, wewe na yeye. Wataongea mwaka mzima. Mkanda watausahau. Ama anakula mara tatu kwa siku, Mwalimu. Mimi sina muda wa Profesa Kan."

Alipoondoka, Pihsia alikwenda sinkini akaanza kuosha chupa ambazo zilikuwa safi. Nilimwambia asimsikilize mtoto, mtoto hajui uchungu wa mambo. Akanitolea jicho ambalo sijalisahau.

"Anajua yake," alisema. "Na mimi nilikuwa namfanya nini, Suchu? Nilikuwa namchukulia mkanda wake. Nautaka kwa kazi yangu."

Asubuhi alipanda kwa Kan. Nilizima redio.

"Minhsuan hatakuja kwako, Profesa. Mkanda una jina moja, na litabaki moja."

"Anakataa yeye, au unamkatalia wewe?"

"Nimekuja mimi ili asije yeye."

Nilisikia kiti cha Kan kikilia.

"Pihsia, mkataba wako unaisha Julai. Anayeusaini ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi fikiri tena."

"Nimefikiri tangu niko mwaka wa tatu, Profesa. Kalamu si unayo? Ni yako."

Alitoka akapita mezani kwangu bila kuniangalia. Alikuwa amevitupa vitu viwili kwa mkupuo mmoja, kazi yake na ule mtego wa kulipizia, na mimi nilikuwa nimechukia kuliko yeye. Nilimchukia hata Minhsuan kwa siku mbili tatu, kisha nikaacha.

Juma la karamu Kan aliniita. "Piga simu mgahawani. Waambie kuku aje na kichwa chake."

Siku hizi mabosi wenye adabu huomba kuku asiwe na kichwa, au hukielekeza kwao wenyewe ili watu wale kwa raha. Maana kila mtu anajua: kwenye karamu ya kufunga mwaka, anayetazamwa na mdomo wa kuku hana kazi baada ya mwaka mpya. Nilipiga simu. Mama wa mgahawa akashangaa.

"Na kichwa? Haya mambo bado yapo? Anafukuzwa nani tena, jamani, wakati kama huu?"

"Wewe lete kuku," nikamwambia.

Tuliketi meza kubwa ya mviringo yenye kioo cha kuzunguka katikati. Kan alikaa kwenye kiti cha heshima, kando yake Daktari Yen. Minhsuan alikuja na Ama, bibi kizee mdogo aliyevaa sweta jekundu, mkanda shingoni. Supu ilipokuja Minhsuan akaanza kumlisha, kibangili chake kikitikisika kwa kila tonge, na Daktari Yen akaacha kula ili aangalie. Kan aliona ule mtazamo.

"Idara yetu," alianza, "chini ya uongozi wangu, imekuwa ikiwalea vijana hawa kwa muda mrefu. Mkanda huu ni tunda la maabara yetu..."

Hapo kuku akaletwa, mzima, anang'aa kwa mafuta, shingo imeinuliwa. Kan akakatiza hotuba yake. Aliweka kidole kimoja juu ya kioo, akakizungusha taratibu. Mdomo wa kuku ukampita Polin, ukanipita mimi, ukasimama mbele ya Pihsia. Kan akaondoa kidole.

"Kula, Pihsia," alisema kwa upole. "Kula ushibe. Mwaka ujao sijui utakula wapi."

Vijiti vyote vya kulia vilisimama hewani. Damu ilinipanda kichwani. Pihsia alikuwa anamtazama kuku, mikono mapajani.

Minhsuan aliweka kijiko chini. Akanyoosha mkono, akakizungusha kioo mpaka mdomo ukamtazama yeye.

"Samahani, Profesa," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Kama ni Mwalimu Lai, basi na mimi. Na mkanda naondoka nao."

Kan akacheka. "Mtoto wee, mwanafunzi hafukuzwi kazi. Una kazi gani ya kufukuzwa?"

Polin akanyoosha mkono, kioo kikazunguka, kuku akamtazama. Polin ana mtoto mchanga nyumbani. Baada yake mwalimu mwingine, ambaye sikujua kama ana uti wa mgongo, naye akauvuta ule mdomo kwake. Ulipofika upande wangu nilikishika kioo kwa mikono yote miwili, nikauelekeza ule mdomo katikati ya kifua changu, nikamtazama Kan machoni. "Na makarani pia," nikasema. Kuku aliizunguka meza nzima, mchuzi unapoa, Kan anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, halafu bila tabasamu.

Kioo kilipomrudia Pihsia, alikizuia. Alichukua vijiti vya kupakulia, akakivunja kichwa cha kuku pale shingoni, akakiweka kwenye bakuli dogo. Akasimama. Alizunguka meza mpaka kiti cha heshima, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akainama kama mwanafunzi anavyomwinamia mwalimu wake.

"Profesa, nilikuwa mwanafunzi wako. Siku zote hizo sikuwahi kukuandalia chochote mezani. Leo pokea, tafadhali."

Akaliweka mbele yake, kichwa kikimtazama.

Nani angekikataa? Mwanafunzi amempakulia mwalimu kwa mikono miwili, mgeni wa heshima anaangalia, idara nzima inaangalia. Kukisukuma kando ni kusema hadharani kwamba anakiogopa. Kan aliwatazama watu mmoja mmoja akitafuta wa kucheka naye, aligeuze jambo liwe utani. Hakumpata. Pihsia alibaki amesimama pembeni yake, ameinama kidogo, anangoja kwa adabu zote.

Akakila. Kichwa cha kuku hakina nyama, ni ngozi na mifupa midogo, na tulisikia kila mfupa. Alitema mmoja kwenye leso. Hakuna aliyemmiminia chai. Nilijaza kikombe changu mpaka juu nikakinywa chote, na sijawahi kunywa chai tamu vile.

Alipomaliza, Daktari Yen aliufuta mdomo wake, akamgeukia Minhsuan kana kwamba Kan hayupo.

"Binti, mkanda huu ni wa nani?"

"Wangu!" Ama akadakia, kwa ulimi wake mzito. "Si ninauvaa mimi?"

Watu wakacheka, na Minhsuan akacheka, kisha akakaa wima. Safari hii hakuomba radhi.

"Ni wangu mimi, Daktari. Ke Minhsuan, mwaka wa pili."

"Nani alikufundisha?"

"Mwalimu Lai. Huyo aliyefukuzwa sasa hivi."

Daktari Yen aliitikia kwa kichwa, akamwambia Minhsuan afike hospitalini yeye mwenyewe, na asiandamane na profesa yeyote. Sasa wagonjwa wa kiharusi wa mji wetu wanavaa mkanda ule, na jina juu yake ni moja.

Julai ilipofika Kan hakusaini. Nilijua hatasaini. Karatasi ilirudi mezani kwangu bila wino, nami nikaitia kwenye faili kwa mkono wangu, nikimlaani kwa majina ambayo mama yangu angenichapa kwayo. Yeye mwenyewe alikuwa akiutaka ukuu wa kitivo tangu zamani. Wakampa mwingine, na hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Akipita korido wanafunzi huinama kama ada, kisha wakishampita nasikia mmoja akitafuna kwa sauti, krak, krak, na wengine wanashikilia matumbo.

Nilimsaidia Pihsia kubeba maboksi mpaka kwenye pikipiki yangu. Tuliyafunga kwa kamba, jua linachoma, sote tumelowa jasho.

"Haya sema," nilimwambia. "Umeshiba sasa?"

Alifikiri kidogo huku akikaza fundo.

"Bado," alisema.

Chuo cha ufundi kilicho ng'ambo ya barabara kilikuwa kimempa kazi, afundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walimwonyesha vyumba viwili achague: kimoja kikubwa, kipya, chenye kiyoyozi, na kimoja kidogo kinachopigwa na jua la alasiri. Alichukua kidogo. Dirisha lake linatazamana na la Profesa Kan.